Pezi la Chini la Ndege Iliyofutwa

Hapa Kamina ukimtaja Prof wetu wa dessin, yaani mchoro wa kiufundi, watu wanaanza kucheka kabla hujamaliza. Wanapanga mikono pembetatu, wanatoa mlio wa ndege kwa midomo, halafu wanakuuliza kama amesharuka. Kicheko hicho nakijua kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekianzisha. Ndiyo sababu kinanichoma. Kusikia mzaha wako mwenyewe mdomoni mwa watu wasiojua kuchekesha ni kama kukutana na suruali yako imevaliwa na mwizi, tena ameshaikata miguu.

Basi nitaandika nilivyomjua, na anayetaka kucheka acheke pale panapostahili. Pako.

Alikuwa jirani yetu, parcelle mbili, yaani viwanja viwili, kutoka kwetu, miaka mingi kabla hajawa mwalimu wangu. Kwenye mfuko wa shati, pale wengine wanapoweka kalamu ili waonekane makarani, yeye aliweka rula ya chuma. Alipima kila kitu. Alipima matofali ya mafundi bila kuitwa. Alipima pengo la meno ya mdogo wangu. Siku moja kwenye arusi alipima bukari, ugali wetu. Aliisimamisha rula kando ya sahani, akafumba jicho moja, akamwambia mama yangu aliyekuwa anagawa chakula:

"Mama, upande huu umelala."

"Prof, hii iko ya kula, haiko ya kujenga."

"Kama yenyewe haiwezi kusimama, itanisimamisha minyi namna gani?"

Mama alimwongezea kipande upande uliolala. Akala chote, polepole, akianzia kwenye kona kama mtu anayebomoa nyumba kwa adabu.

Majina yetu hakuyajua kamwe. Alituita kwa mahali tulipokaa: Mlango, Nguzo, Dirisha. Msichana mmoja aliyekaa karibu na kabati la chaki anaitwa Kabati mpaka kanisani, na mchumba wake anamwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa Dirisha. Nilikichagua kiti kile kwa sababu dirisha linatoka moja kwa moja barabarani, na mtu mwenye kazi nyingi kama mimi hawezi kutegemea mlango.

Sasa ndege.

Prof alipokuwa kijana, kwaya ya kanisa lao la Methodiste ilipokea sanduku la vitabu vya nyimbo kutoka ng'ambo. Yeye, mwimbaji wa sauti ya chini, ndiye aliyepewa kazi ya kuvitoa. Vitabu vilikuwa vimezungushiwa karatasi za bluu ili visiumie njiani. Wenzake walifurahia vitabu, yeye akanyoosha karatasi. Zilikuwa tatu, zimechorwa kwa mistari myeupe. Ya kwanza ilionyesha ndege nzima kutoka juu. Ya pili bawa. Ya tatu mapezi ya mkia, la juu na la chini. Juu ya zote kulikuwa na muhuri mwekundu. Alitafuta kamusi, akatafuta tena kwenye kamusi nyingine, na neno lilikuwa moja: imefutwa.

Ilikuwa ndege ya kuwahi ndege za adui, iliyotakiwa kwenda kasi kuliko sauti. Watu walikaa miaka wakaichora, halafu mtu mmoja akashika muhuri. Haikuruka hata mita moja. Karatasi zake zikawa za kufungia nyimbo.

Karatasi hizo tatu zilikuwa programu yetu ya mwaka. Wanafunzi wa shule nyingine walichora boliti na meza. Sisi tulichora bawa la ndege isiyokuwepo. Tulipolalamika alitujibu kwamba boliti hata fundi wa baiskeli anaijua.

Na alifundisha, jamani. Hilo wanaocheka hawalijui kwa sababu hawakukaa mle ndani.

"Treni inapiga honi," alisema, "bantu ba ku stesheni banajitenga. Ndege ya polepole iko vile vile. Mulio wake unatangulia, unaambia hewa: toka, ninakuya. Lakini ile yenye kupita mulio, nani ataambia hewa? Hakuna. Hewa inashtuka. Inarundikana ku pua yake sawa vile bantu banarundikana ku mulango moja ya wagon. Donc bawa inafanya nini? Dirisha!"

"Inaomba pole, Prof."

"Inajificha nyuma ya pua! Sawa mutoto nyuma ya mama yake ku soko. Njo maana iko pembetatu, njo maana iko nyembamba. Weye utachora bawa mara moja zaidi, kwa sababu ya ile pole."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Hakupiga, hakufukuza, hakuita wazazi. Ukifanya ujinga, unabaki saa sita wenzako wakienda kula, unanakili moja ya zile karatasi za bluu, kwa rula, kwa pembe zake zote. Wengi waliadhibiwa mara moja au mbili kwa mwaka. Mimi nilifika thelathini. Nilichora lile bawa mpaka mkono wangu ukawa unalijua bila kuniuliza.

Pezi alilifundishia barabarani. Alitutoa darasani akatusimamisha kwenye mteremko wanapopita wale wanaosukuma baiskeli za makaa kutoka njia ya Kabongo, magunia matatu nyuma, fimbo imefungwa kwenye usukani. "Muangalie nyuma yake. Muzigo unataka kufika mbele ya mwenyewe. Ndege pia, kasi ikipita kipimo, mukia unataka kupita pua. Pezi njo ile fimbo." Msukuma baiskeli alisimama akauliza tunamcheka nini. Prof akampima fimbo, akamwambia ni fupi. Yule baba alimtukana Kiluba kirefu, na Prof akamjibu kwa Kiluba hicho hicho kwamba matusi hayarefushi fimbo.

Sokoni alinunua samaki mmoja kila juma kwa mama mmoja anayeleta samaki wakavu wa Malemba. Kabla ya kununua alifungua mapezi ya kila samaki, la mgongoni na la tumboni.

"Prof, unanunua samaki ao unaoa?"

"Ninatafuta mwenye pezi ya chini muzuri, mama."

"Ile pezi haina nyama!"

"Njo inabeba nyama yote."

Maana shida yote ilikuwa pezi la chini. Kasi ikizidi, pezi la juu peke yake halitoshi, linahitaji mwenzake chini ya mkia. Lakini samaki hatui kwa magurudumu. Ndege ikitaka kutua, pezi la chini litagusa udongo kwanza na kuvunja mkia. Kwa hiyo lazima likunjwe pembeni kwa bawaba, kama ubao wa dirisha, halafu lishuke tena ndege ikisharuka. Bawaba hiyo inakaa wapi, inageuka kwa pembe gani, karatasi ya tatu ilikuwa inajua. Msumari wa lile sanduku ulikuwa umechana kona hiyo hiyo ukaondoka nayo.

Prof alifanya kazi ya kona hiyo miaka na miaka. Alibandika kipande cha daftari kwa uji wa muhogo, akachora bawaba kwa penseli, akafuta, akachora, akafuta, mpaka karatasi ikawa laini kama ngozi ya sikio. Alitengeneza kielelezo cha boksi na riyoni, zile spoku za baiskeli, akawa anakikunja na kukikunjua wakati wa mahubiri. Mwaka niliokuwa darasani kwake alisema amemaliza. Hakufanya sherehe. Alipiga mstari chini ya mchoro, akaandika tarehe, akatugeukia na macho yamelowa, akasema: "Inatua."

Nilipiga makofi kwa dhihaka. Hiyo ikawa adhabu ya thelathini.

Alikuwa mtu wa kukasirisha pia, nisimtie sukari. Alifundisha kasi na alichelewa kila asubuhi. Alichora ndege ya kwenda juu kabisa na hakuthubutu kupanda ngazi ya kengele kanisani. Pikipiki ikipita aliziba masikio. Na juu ya ile ndege hakuwa na msimamo mmoja. Jumanne alipiga meza: "Nani alifuta? Muntu wa ofisi! Hajashika hata pezi ya samaki!" Alhamisi akatuambia kwa upole kwamba ndege ya vita iliyokufa kabla ya kuua ndiyo pekee inayoweza kuingia mbinguni, na Mungu ashukuriwe kwa ule muhuri.

"Prof," nikasema, "uko upande gani?"

"Minyi niko upande wa pezi."

Wakati huo zilikuwa zinapita ndege zenyewe, za kweli, chini chini, zikienda kutua nje ya mji na askari tumboni. Vita vya kwanza vya nchi yetu vilikuwa vimepita, vya pili vimeanza, na sisi tulikimbilia dirishani kila mara. Yeye hakuinua hata kichwa. Alingoja mlio upite, kisha akamalizia sentensi pale alipoiachia. Neno lake lilikuwa moja: "Hewa haiogope galoni ya muntu." Galoni ni zile alama za cheo begani. Nilidhani ni maneno tu.

Nilichofanya ni hiki. Siku nilipomaliza adhabu ya thelathini nilitoka na njaa na hasira, nikachukua kaa, nikachora ile ndege kwenye ukuta wa shule unaotazama njia ya stesheni. Niliichora kubwa, urefu wa watu watatu, na kwa haki niseme niliichora vizuri, bawa lote, mapezi yote. Juu yake nikamkalisha Prof, rula mkononi kama mkuki, tai inapepea. Chini nikaandika: PROF ANARUDI NA MABOMBA. Mabomba kwetu ndiyo mabomu.

Mji ulicheka siku mbili. Nilikuwa mfalme. Siku ya tatu walifika askari wanne wa kikosi kilicholala kwenye depo ya zamani ya pamba, wakasimama mbele ya ukuta, na wao hawakucheka.

Walimwuliza Préfet, mkuu wa shule yetu, ile ndege ni ya nani. Préfet ambaye miaka yote hiyo alikuwa anasaini daftari za matayarisho ya Prof, kila juma, bawa, pezi, bawa, pezi, aliinua mabega. Akasema haimo kwenye programu. Akasema hajui. Mtu mzima, mwenye suti! Wakaingia darasani kwetu, wakafungua kabati, wakatoa karatasi za bluu. Mmoja alianza kuzikunja.

"Usikunje!" Prof akapiga kelele. "Zungusha! Inazungushwa!"

Wakamchukua yeye pamoja nazo. Kutoka dirishani niliwaona wanapita chini ya mchoro wangu, na Prof akauinulia macho. Alisimama akautazama mpaka askari akamsukuma. Najua alichokuwa anatazama. Alikuwa anatazama pembe.

Nilinyamaza siku nne. Ninaandika hivyo ili nisije nikawasema wengine peke yao. Kicheko cha mji hakikunyamaza. Kiligeuka tu: sasa Prof alikuwa mpelelezi, mwendawazimu aliyeuza ramani. Watu aliowapimia nyumba bure! Siku ya tano mama aliweka bukari mezani, akaitazama, akainyoosha upande mmoja kwa mwiko, akaanza kulia. Nikaondoka kwenda kwa Préfet.

"Nitasema michoro ni yangu," nikamwambia. "Yote. Tunaenda wote wawili."

Alikubali upesi sana. Ilikuwa bei ndogo kwake.

Kwenye depo komanda alikuwa amekaa nyuma ya mizani ya pamba, karatasi za bluu mbele yake. Prof alikuwa chini, juu ya gunia, shati chafu, mfuko mtupu. Walikuwa wamemnyang'anya rula.

"Njo ule mutoto?" komanda akauliza.

"Njo yeye, mon commandant," Préfet akasema.

"Weye njo ulichora avion ku ukuta?"

"Minyi, papa."

"Na hizi?"

"Hizi pia. Iko muchezo tu. Prof alinikamata nayo ku classe, akaziweka ku kabati. Yeye hajue kitu."

Ilikuwa imeanza kwenda vizuri. Komanda alikuwa ameshalegea, anatikisa kichwa kama mtu mwenye watoto nyumbani. Hapo Prof akasimama.

"Muongo!"

"Prof, ikala," Préfet akanong'ona. Kaa chini.

"Muongo, mon commandant! Huyu? Huyu mutoto hajue kuweka bawaba! Angalia ile mustari! Mutoto anaweza kuchora ile mustari? Ile iko kazi ya bantu ba kweli, na kona ya chini iko kazi yangu minyi, miaka yangu yote!"

Jamani, nilitaka kumziba mdomo kwa pamba. Nilikuwa namfungulia mlango na yeye anaufunga kutoka ndani.

"Donc iko avion ya kweli," komanda akasema polepole.

"Iko ya kweli na haiko! Ilifutwa! Haikuruke!"

"Iko wapi?"

"Haiko fasi, haiko mahali popote! Iko hapa tu!" Akapiga karatasi kwa kidole.

"Bomba inakaa wapi?"

"Minyi sijue bomba. Minyi najua pezi."

"Unazungumuza na officier, muzee."

"Hewa haiogope galoni ya..."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu zote nilizo nazo, kicheko changu cha darasani, kile kinachofanya hata walimu washindwe. Nikaelekeza kidole kwa Prof. "Papa, unaona? Anapenda michoro yangu kupita minyi! Classe yote tunamucheka! Anaongea na samaki ku soko!" Nikaigiza anavyofungua mapezi. Nikaigiza rula na bukari. Askari mmoja akaanza, wa pili akafuata, mwishowe komanda mwenyewe akafuta macho. Niliwachekesha mpaka Prof akawa mdogo, mdogo kabisa, mzee mjinga asiyeweza kumtisha mtu yeyote. Hakuna siku niliyowahi kuchekesha vizuri kama ile.

"Bon," komanda akasema. "Kama iko muchezo yako, pasula."

Akanisukumia karatasi.

Nilimtazama Prof. Nilidhani atapiga kelele, nami ningepata sababu ya kusita. Alikuwa ananitazama mikono. Nikapasua ya kwanza, nikapasua bawa. Ile ya tatu, kile kipande cha daftari kilibanduka chenyewe kwa sababu uji wa muhogo ulikuwa umekauka, kikaanguka miguuni pangu, nikakiokota, nikakipasua pia, mara mbili, maana komanda alikuwa bado anatazama.

Walituachia saa ile ile. Njiani Préfet aliniwekea mkono begani akaniambia nimekuwa mwanaume. Niliutoa. Prof alitembea mbele yetu, na alipofika kwenye ukuta wa shule hakuinua macho.

Alirudi kufundisha. Alifundisha boliti na meza. Hakuchelewa tena, hakupiga meza, na mimi nilipofanya ujinga makusudi, ujinga mkubwa, akaniambia: "Kaa chini, mutoto." Mutoto. Hakuna adhabu. Darasa lilifurahi eti Prof amepona. Nilitaka kuwapiga wote.

Miezi ikapita, vita vikasogea, shule zikafungwa. Tukasikia Prof anaondoka kwenda Kabongo kwa dada yake. Asubuhi ile nilimkuta kwenye baraza yake anakata bati, anawatengenezea mama wa mafuta ya mawese mirija ya kumiminia. Mafurushi yalikuwa yamefungwa. Nilikuwa na kalenda kubwa ya ukutani, nimetumia migongo ya kurasa tatu. Nilikuwa nimezichora juma zima, bila kitu cha kunakili, mkono wangu ukinikumbusha.

Nikaziweka juu ya bati.

Alifuta mikono. Alizitazama moja moja, ndege, bawa, mapezi. Jua lilihama kutoka kwenye mguu wake mpaka kwenye ukuta. Akatafuta mfukoni rula ambayo haimo, akachukua ukingo wa bati, akapimia huo. Kwenye kona ya chini ya karatasi ya tatu alisimama.

"Hii bawaba umeweka wapi?"

"Pale ilikuwa, Prof."

"Ulichora mara thelathini na hukuangalia hata mara moja. Umeiweka mbele. Pezi haitajikunja mpaka mwisho. Avion itatua, pezi itashika udongo." Akatoa penseli nyuma ya sikio. Hakufuta yangu. Alichora yake pembeni, upana wa vidole viwili nyuma, mstari mmoja, bila kusita, na chini yake pembe. Kisha akaandika alama juu ya karatasi, akaizungushia duara.

Kumi na moja kwa ishirini.

"Kumi na moja?" Sauti yangu ilipanda. "Prof! Bila model? Na kichwa tu? Kumi na moja?"

"Bawa ni nzuri."

"Kumi na moja!"

Alizungusha zile kurasa, akakunja bati kuzizunguka, ukawa mrija, akaziba ncha zote mbili kwa nyundo, taratibu, kama mtu anayefunga bahasha.

"Ile iko ya minyi, Prof," nikasema.

"Ya weye iko ile utarudilia, Dirisha."

Akaweka mrija juu ya mafurushi, akaendelea kukata bati.

Kumi na moja! Mpaka leo sijamsamehe. Nimerudia mara nne, bawaba nimeirudisha nyuma vidole viwili, na ninayo hapa karatasi ya tano. Wanaocheka waje waipime.